Betri Niliyobadilisha Ilimwachisha Mke Mwenzangu

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na sita, mama wa mtoto mmoja, nakaa Gongo la Mboto. Naandika haya nikiwa nimejifunika kanga usoni, na chumbani nipo peke yangu... Aibu, wasomaji wenzangu!

Niliolewa mke wa pili. Mume wetu ni dereva wa malori ya Tunduma, akatuweka wote wawili ua mmoja. Bi mkubwa, nitamwita Mwanaidi, alinipokea kama mdogo wake. Nilipojifungua ndiye aliyenikanda, akanipikia uji wa pilipili manga, akafua nepi za mwanangu bila hata kukunja uso.

Umeme haujafika mtaa wetu wa ndani. Mume alipopata safari nzuri akanunua sola, na kwa kuwa hapendi maneno ya wivu, akaleta betri mbili za namna moja: moja ya Mwanaidi, moja yangu. Fundi akazifunga pamoja ukumbini kwa Mwanaidi, zikawasha taa za nyumba zote mbili na televisheni ndogo iliyokaa kwake. Akatuonya tusije tukachanganya betri za kampuni tofauti, wala kuukuu na mpya, maana dhaifu huivuta nzima hadi zote zinakufa.

Nilimsikia vizuri sana!

Basi kaka yangu akafungua kibanda cha video. Akanililia kwamba betri yake haishiki moto. Nikajiambia, kwani ile si yangu? Si mume kanipa mwenyewe? Mwanaidi alipokwenda msibani, kaka akaja akachukua yangu, akaacha yake, ya kampuni nyingine, imechoka, kaipaka rangi ifanane.

Haukupita muda taa zikawa zinazimika mara tu baada ya Isha. Mume akarudi safari, akakuta giza. Akawaka! Akasema lazima kuna mtu anakesha na televisheni. Akaniuliza mie... Na mie nikajibu nini? "Mie sijui baba, ila tivii ya dada huwa naisikia mpaka usiku sana."

Mwanaidi akamwambia yeye huzima tivii mapema. Maneno yakazidi, mume akamwita mwongo, na kwa hasira zile akamwandikia talaka moja. Mwanaidi akafunga nguo zake, akaenda Bunju kwa kaka yake.

Talaka moja, jamani! Ndani ya eda mume angeweza kumrejea kwa neno tu. Miezi mitatu nilikuwa nalo neno la kumrudisha. Mume akicheka, naogopa kumharibia furaha. Akinuna, naogopa kipigo. Na nisiwafiche, kuwa mke peke yangu kulininogea! Mwanangu, ndiyo kwanza anajifunza kutembea, alikuwa akienda kupigapiga mlango wa mama yake mkubwa. Namshika mkono, tunarudi ndani.

Eda ikaisha. Taa bado zikawa zinazimika mapema, ndipo mume akamleta fundi. Fundi akakwaruza rangi kwa bisibisi, akauliza, "Hii ngeni nani kaileta?" Nikakaa chini pale pale, nikasema yote.

Mume hakunipiga. Alikwenda Bunju kuomba ndoa upya, Mwanaidi akakataa. Nikaenda mwenyewe, nikamwangukia miguuni. Akaniinua, akanifuta machozi kwa kanga yake.

"Mdogo wangu, nilijua tangu siku niliyorudi msibani," akasema. "Mie ndiye nafuta vumbi pale, ningekosaje kuona? Lakini ningekutaja, ungeachwa wewe, na mtoto ananyonya. Nikasema utasema mwenyewe. Nimekaa eda yangu yote, kila hodi nadhani ni wewe."

Mungu wangu! 

Nawasihi wenzangu, betri ikifa mtanunua nyingine. Lakini kama kuna mtu anaadhibiwa kwa kosa lako, funga kanga yako uende ukaseme leo, ungali unaweza kumrudisha. Mie nilikaa kimya nikazihesabu siku zikiisha. Sasa taa zinawaka vizuri, ua mzima ni wangu, na mwanangu bado anakwenda kupiga mlango ule.