Mkono wa Pampu Waibwa Msibani

Asubuhi pampu ilikutwa kisimani haina mkono. Ilikuwa kiangazi cha mwaka 1954, na kitongoji kizima, nje kidogo ya Mnero, kilitegemea kisima hicho kimoja.

Inspekta Shaibu alifika kwa baiskeli kutoka Nachingwea, jasho likimchuruzika. Akainama kuchunguza. Nati, zikiwa na grisi tele, zilifunguliwa kwa spana, zikapangwa vizuri juu ya jiwe. Mchangani kulikuwa na nyayo ndogo na alama za mkongojo.

"Mwizi gani huyu anayepanga nati?" alijiuliza.

Bruda wa misheni, aliyeileta pampu kwa sadaka za waumini wa Ulaya, alikuwa amefura kwa hasira. "Mkono usipopatikana leo, naing'oa yote. Watu wa Kilimarondo wanaililia kila siku."

Shaibu akaingiwa na hofu. Kabla ya pampu, maji ya madimbwi yaliua watoto wanne hapa, na yeye ndiye aliyeandika vifo vyao. Hakutaka kuandika vingine.

Akaenda, Bruda nyuma yake, kwa Bi Sabaha, mjane wa mzee Amiri. Amiri ndiye aliyekuwa mtunza pampu. Alizikwa juzi, na uani waombolezaji walikuwa bado wamejaa.

"Spana ya marehemu iko wapi?"

"Ilitundikwa pale ukutani."

"Nani kaichukua?"

Bi Sabaha akajifunika kanga usoni, mabega yakamtikisika. Shaibu akampa pole. Loo! Kumbe mama wa watu alikuwa anacheka.

"Mnamwogopa huyo mwizi?"

"Hatumwogopi, afande. Haturuhusiwi kumkasirikia."

Shaibu akatumia akili. Msibani mkono wa pole haukataliwi. Akapita mkeka kwa mkeka, akimshika kila mtu mkono, kisha akijipitishia kiganja puani kwa siri. Ubani. Tumbaku. Vitunguu. Watu wakaanza kunong'onezana kwamba afande ana mafua. Alipofika kwa ajuza mmoja mwenye mkongojo, akanusa grisi.

"Shikamoo, bibi. Jina lako?"

"Marahaba. Kulthumu, wa Ruangwa."

"Umefika lini?"

"Jana. Mmeshafukia."

"Umekalia nini hapo?"

"Makalio yangu. Wewe mwenzangu hukalia nini?"

Uani wakaangua kicheko. Shaibu akainua pembe ya mkeka. Mkono wa pampu huo hapo, na spana juu yake.

"Bibi, umeiba!"

"Nimeiba? Mimi mtani wa Amiri! Akizikwa bila mtani kupewa habari, mtani huchukua kitu cha marehemu mpaka wamlipe kuku. Hata mamako anajua."

"Pampu si ya Amiri!"

"Ya nani basi? Nani aliipaka grisi? Nani aliifukuzia mbuzi? Huyu mzungu?"

Bruda akawageukia wenyeji. "Mpeni kuku wake!"

Jogoo akaletwa mbio. Bi Kulthumu akamsukuma kando.

"Simtaki!" Sauti ikamkatika, machozi yakamtoka. "Miaka hamsini tumetukanana. Nimekuja nakuta udongo. Mngeniita nimtukane mara ya mwisho, mngepungukiwa nini? Na mimi nani atanitukana sasa?"

Bi Sabaha akamshika bega. "Nimekukosea, dada. Niliona Ruangwa ni mbali. Twende kwake."

Kaburini, Bi Kulthumu akagonga udongo kwa mkongojo. "Amiri, mvivu wewe! Kiangazi kimeanza, watu wana kiu, wewe ndio kwanza umelala!" Watu wakacheka huku wanalia. Kisha akarudi kisimani na kuzikaza nati kwa mikono yake mwenyewe. Bruda akapampu, maji yakabubujika, akina mama wakapiga vigelegele.

Shaibu akatoa daftari lake la kesi.

"Mamako ukoo gani?" Bi Kulthumu akamwuliza. Shaibu akamtajia.

"Mtani wangu wewe!"

Shaibu akamtazama ajuza yule, macho yake bado mekundu kwa kilio. Akafunga daftari, akakunja uso kabisa.

"Basi nisikilize, bibi kizee. Kwa sura hiyo, ukifa usihangaike kunipa habari. Fisi wakikimbia kijiji nitajua."

Bi Kulthumu alicheka mpaka akakaa chini.