Mkono wa Mwanaidi

Nina miaka sabini na nane, mjane, naishi chumba cha kupanga Buguruni. Shule niliishia darasa la nne, lakini jina la mtu nikilisikia halinitoki. Ndiyo adhabu yangu... maana jina ninalotaka kulisahau ni Hamza bin Athumani bin Mfaume.

Mama yake, Somoe, alitoka Kilwa akapanga chumba kwetu Kariakoo. Alifariki mtoto ana siku tisa. Nami nilikuwa na wangu mchanga, Saidi. Nikawanyonyesha wote, huyu huku, huyu huku!

Hamza alikuwa na kichwa, jamani! Alianza kwa kuwaandikia barua za malalamiko wauza mitumba wa Mchikichini. Akasoma, akawa wakili. Kesi za wanyonge alizisimamia bure, watu wakamwita Mtetezi. Halafu akautaka ubunge, huko kwao kusini.

Nyumba ile baba alituachia mimi na mdogo wangu Mwanaidi. Siku moja Hamza akaja na karatasi ya Kiingereza. Akasema ni ya kulinda mirathi yetu mahakamani, tutie dole gumba tu.

Mwanaidi akasita. "Dada, si tutafute mtu atusomee?"

Nilimjia juu! "Unamshuku mwanangu? Huyu kanyonya titi hili! Atusomee nani, mpita njia?"

Hamza akacheka. "Mama mdogo bwana! Yaani mimi ndiyo wa kuniogopa?"

Nikatia dole langu. Kisha... Mungu anisamehe... nikaushika mkono wa Mwanaidi, nikaukandamiza mwenyewe.

Hamza alishinda. Tulipiga vigelegele mpaka sauti zikakauka! Haukupita muda, wakaja watu na barua ya kututoa. Kumbe kwa karatasi ile tulimpa Hamza nyumba, naye kampa tajiri aliyembeba kwenye kampeni! Tukatolewa sisi na wapangaji wetu wote: fundi Chande, Mama Zuhura, Bi Tatu, Mzee Likungu. Simu yangu Hamza hakuipokea. Nikamfuata ofisini, nikaambiwa mheshimiwa yuko Dodoma. Hivi, maziwa hayana haki?

Tukaenda kwa wakili mwingine. Akatuuliza kama kuna aliyelazimishwa, kwani hapo ndipo pa kuanzia. Nilijua jibu... nikaona aibu, nikanyamaza!

Mwanaidi akanitazama. Akasema, "Hapana." Alinisitiri mbele ya mtu baki, na nyumba ikaenda.

Sasa anaishi Kigamboni kwa bintiye. Idi iliyopita nilivuka kwa pantoni Magogoni nikampelekea sahani ya biriani. Hakunikaribisha ndani. Aliuliza tu, "Leo umekuja na karatasi gani, dada?"

Nilirudi na biriani yangu, nalia mbele za watu.

Ndugu zangu, nawasihi. Karatasi isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili, hata kama aliyeileta umemzaa wewe. Na mdogo wako akisita, msikilize. Mimi nilikuwa na nyumba na ndugu... nimebaki na majina!