Elfu Tisa Mia Tisa Sabini na Tatu

Kila jioni Wayua alianua nguo, akainjika maharagwe, kisha akafungua daftari lake mezani. Alikuwa darasa la saba, mwaka wa 1979, na aliishi mtaa wa Umoja na babake, Matheka, fundi wa mabomba ya maji.

Jioni moja alikuwa na swali la Mwalimu Nakhumicha: je, 9,973 ni nambari tasa, isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe? Igawanywe kwa nambari tasa zote, kuanzia mbili hadi tisini na saba. Ikiacha baki kila mara, basi ni tasa. Atakayemaliza ataiwakilisha shule katika mashindano ya hesabu.

Wayua aligawa kwa mbili, kwa tatu, kwa tano, akaenda hivyo mpaka arubaini na tatu. Mkono ukamchoka. "Itakuwa tasa tu," alijiambia, akafunga daftari.

Asubuhi mwalimu aliuliza, "Nani amemaliza?"

Wayua peke yake aliinua mkono. "Ni tasa, Mwalimu. Nimejaribu zote."

"Na wewe, Phelister?"

Phelister, aliyeketi naye dawati moja, alisimama polepole. "Nimefika themanini na tisa. Mama ni mgonjwa, nilikuwa nikimwangalia mtoto. Imesalia moja, Mwalimu, kwa hivyo sijui."

Darasa likacheka. Jina la Wayua likaandikwa ubaoni.

Matheka alipopata habari, alimshika bintiye mkono akampitisha kwa majirani. "Mwoneni mtoto wangu!" Waliporudi, Wayua hakuweza kula. Alifungua daftari, akagawa kwa zile nambari kumi na moja alizoziruka. Kila moja iliacha baki. Hata tisini na saba iliacha sabini na tisa. Kumbe ilikuwa tasa kweli! Alidhani moyo ungetulia, lakini machozi yalimlengalenga. Jibu lilikuwa la kweli. Mwongo alikuwa yeye.

Akamweleza babake yote.

"Kesho utamwambia mwalimu."

"Lakini baba, jibu ni sahihi!"

"Nikimwambia mwenye nyumba kwamba nimelijaribu bomba, na sijalijaribu, nimemdanganya, hata lisipovuja."

Kesho yake Wayua alisimama mbele ya wenzake, akasema ukweli. Safari hii hakuna aliyecheka. Mwalimu alifuta jina lake, akampa Phelister chaki. Phelister akagawa kwa tisini na saba, taratibu, mpaka baki ikaonekana.

"Sasa najua, Mwalimu. Ni tasa."

Mwalimu Nakhumicha aliandika jina la Phelister, kisha akamgeukia Wayua. "Umefanya vyema kusema, ingawa umechelewa. Nafasi umeipoteza, na hiyo ndiyo gharama yake." Akalitazama darasa zima. "Kutomaliza kazi si aibu. Aibu ni kusema umeimaliza. Jana mlimcheka Phelister kwa kusema 'sijui' akiwa amebakisha moja tu. Mtu kama huyo akisema 'najua', mwaminini."