Daraja la Mbavu za Miavuli

Mwizi aliiacha treni akaiba daraja. Ndivyo Severin alivyomweleza rafiki yake Lusekelo kwenye simu, saa tatu asubuhi, Jumamosi moja ya mwezi wa tano mwaka 2003. Lusekelo alikuwa anapiga pasi suti yake. Aliizima pasi palepale. Tangu aache usajini wa polisi Iringa na kuhamia London, miaka tisa sasa, hakuwa amepata kesi hata moja. Wezi walikuwepo, tena wengi tu, ila hakuna mtu aliyewahi kumwita yeye.

Alifika kwa Severin, Kilburn, amelowa chapachapa. Mwavuli wake, ule wenye ubavu mmoja aliouganga kwa waya wa bluu, ulipotea siku ya Pasaka katika flati hiyohiyo ya Severin, na pesa ya kununua mwingine alikuwa bado anaionea uchungu.

Meza ya kulia ilikuwa tupu. Kwa miezi kumi na moja ilikuwa imebeba daraja la reli, refu kama mtoto wa miaka minne akilala, mfano wa daraja la chuma la kaunti moja ya mashamba ya mahindi huko Indiana, Marekani, alikosoma Severin ujanani. Kaunti ile ilikuwa na madaraja matatu ya kale ya reli: moja la mawe, moja la magogo, na hili la chuma. Mzee Harrison, aliyempa Severin chumba nyumbani kwake, ndiye aliyekuwa mkaguzi wa madaraja hayo. Kila Jumapili wakitoka kanisani walikwenda pamoja, mzee anagonga vyuma kwa nyundo na kusikiliza, kijana anashika kofia. Baadaye reli ikafungwa, na lile la chuma likakatwakatwa likauzwa vyuma chakavu. Severin alilijenga upya kwa kumbukumbu, kwa mbavu za miavuli iliyovunjika aliyookota vituo vya basi.

"Mzee Harrison anakuja leo," Severin alisema. Alikuwa bado na sare ya zamu ya hospitali. "Saa tisa. Safari yake imewahishwa, London anapita tu, usiku huuhuu anapanda ndege. Ana miaka themanini na minne, Luse. Huyu harudi tena. Nilitaka nimpe daraja lake mkononi."

"Nani anajua kwamba anakuja leo?"

"Mimi, na sasa wewe. Kanipigia jana usiku nikiwa zamu. Elinaja alikuwa keshakwenda Lewisham kwa mdogo wake, na simu yake haipatikani. Atakuwa saluni."

Elinaja alikuwa mke wa Severin, na mdogo wake, Lila, ndiye aliyekuwa bibi harusi wa jioni hiyo. Lusekelo ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi, na MC juu yake, ndiyo sababu ya ile suti. Alitazama saa yake na kuona muda upo.

Alikagua mlango: kitasa kizima. Injini na mabehewa ya ile treni ndogo vilipangwa vizuri sakafuni, kana kwamba aliyevipanga aliogopa kuviumiza. Kwenye kiti kulikuwa na futi ya fundi cherehani. Kanga mbili za Elinaja, ambazo kwa kawaida hutandikwa kwenye sofa, hazikuwepo. Na pembeni ya meza kulikuwa na unga mweupe.

"Aisee," Lusekelo alisema kwa sauti ya chini. Alichovya kidole.

"Usionje."

Alionja. "Tamu," alisema, na alisikitika kidogo. Akaukusanya ule uliobaki kwenye karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni.

Mtuhumiwa wa kwanza alikuwa Serge, Mkongo wa Bukavu aliyekaa flati ya chini. Mara ngapi alikuwa amegonga dari kwa mpini wa fagio, Severin akipiga nyundo juu?

"Miye niibe daraja?" Serge aliuliza mlangoni, kikombe cha chai mkononi. "Niliomba Mungu ipotee, ndiyo. Lakini kuomba haiko kuiba."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Hapa. Niliona bamama wawili ku ngazi, babeba kitu kirefu ndani ya kanga. Nilifikiri ni jeneza ya mutoto. Nikatoa kofia, nikasimama. Kisha nikasikia banacheka." Serge alitikisa kichwa. "Nikarudisha kofia."

Mtuhumiwa wa pili alikuwa Alnashir, mzaliwa wa Dodoma, mwenye duka la vyombo na vikorokoro vya sherehe pale barabara kuu. Mara mbili alikuwa amemwomba Severin amkodishie daraja apambie dirisha.

"Bwana mkubwa, ningeliiba ningeliweka wapi?" Alnashir aliuliza. "Dirishani, Severin apite na basi alione?"

Lusekelo alikunjua karatasi yake. Alnashir alinusa.

"Sukari ya keki hii. Jana mama mmoja wa Kitanzania kachukua boksi tatu. Alitaka na kile kidaraja cha plastiki cha kuunganishia keki mbili, za pande mbili za harusi. Nilichonacho kimevunjika katikati. Kidogo alie, maskini. Halafu akatoa futi, akakipima, akasema..."

Lusekelo aliinua mkono. "Inatosha. Usiseme zaidi."

Alirudi kwa Severin amenyooka kama siku za gwaride. "Mgeni akifika, vaa suti umlete ukumbini Lewisham."

"Na daraja?"

"Wewe njoo tu."

Saa kumi na moja na nusu ukumbi ulikuwa umejaa. Severin aliingia akimshika mkono mzee mrefu mwembamba, kofia kifuani, akamkalisha karibu na mlango. Kwenye meza kuu kulikuwa na keki mbili, moja ya Watanzania wa Lila, nyingine ya Wakongo wa Albert, bwana harusi. Katikati kitu kirefu kilifunikwa chandarua cheupe. Lusekelo alichukua kipaza sauti na kuamuru muziki uzimwe.

"Ndugu wageni waalikwa," alisema, "kabla ya keki, nina tangazo. Humu ndani kuna mwizi."

Kina mama walikumbatia mikoba yao.

"Mwizi huyu ana ufunguo, maana mlango haukuvunjwa. Treni hakuitaka, alitaka daraja. Alipima kwa futi, akamwaga sukari, akafunga mzigo kwa kanga zake mwenyewe. Shemeji Elinaja, simama."

Elinaja alisimama, taratibu, kilemba cha dhahabu kichwani.

"Nimesimama," alisema. "Sasa shemeji niulize na mimi. Kikao cha Jumatano, nani alisema keki mbili bila daraja ni mikate miwili? Nani alisema tutaaibika mbele ya wakwe, na atakayekosa kuleta daraja asitie mguu ukumbini? Na nani alinipa mimi kazi hiyo, siku tatu kabla ya harusi?"

Ukumbi mzima ulimgeukia mwenyekiti. Mtu wa nyuma alianza kucheka, akafuatwa na meza nzima ya Wakongo. Lusekelo alitazama kipaza sauti kana kwamba kimeharibika.

Severin hakucheka. "Eli, ungeniomba."

"Ungekataa. Miezi kumi na moja nakula sahani mapajani, Severin, sijasema neno. Mzee wako si wiki ijayo? Ningelirudisha kesho limeoshwa." Sauti yake ilikatika. "Mama hayupo. Nilitaka keki ya Lila iwe kama za wenzake."

"Kawahi. Ni yule pale mlangoni."

Elinaja alishika mdomo. Kisha akaliendea daraja na kulifunua mwenyewe. Lilikuwa jeupe lote kwa sukari, lina shanga za fedha, na juu yake vijisanamu vya maharusi vimeshikana mikono.

Harrison alikuwa keshasimama. Alitembea ukumbi mzima bila kushikwa mkono. Aliinama, akaanza kugonga kwa ukucha, ubavu kwa ubavu, sikio karibu. Alilamba kidole, akaendelea kugonga. Kisha akasimama, akakwangua sukari mahali pamoja. Chini yake ubavu ulikuwa umezungushiwa waya wa bluu. Mzee alisema maneno kwa Kiingereza, chini kwa chini, na Severin akayatafsiri kwa shida.

"Anasema hapohapo, mwaka wa mafuriko, alitia kiraka kwa mikono yake, usiku, marehemu mkewe kamshikia taa. Hakuwahi kumwambia mtu. Anauliza mimi nilijuaje."

Lusekelo alisogea kutazama, akaujua ule waya. Aliufunga mwenyewe, kituo cha basi cha Kilburn, upepo ulipopindua mwavuli wake. Aliinua macho. Severin alikuwa anamtazama kama mtu anayengoja pingu.

Hapo ilikuwa kesi ya pili kwa siku moja, na hii aliitatua peke yake, bila msaada wa muuza duka, mbele ya watu mia mbili na kipaza sauti mkononi. Mzee Harrison alikuwa bado amekishika kile kiraka kwa vidole viwili.

"Mwambie," Lusekelo alisema, "kazi nzuri huonekana."

Severin alimwambia. Mzee alilia waziwazi, kisha akajifuta, akaweka kofia kichwani kama mtu aliye kazini, akatamka jambo kwa sauti kubwa.

"Anasema limekaguliwa," Severin alitafsiri. "Linabeba. Keki zikatwe. Ila sukari isioshwe, ataondoka nalo hivihivi."

Vigelegele vilipaa. Severin alimvuta mkewe begani, na muziki uliporudi alimsogelea Lusekelo sikioni.

"Luse, nitakununulia mwingine."

"Mweusi," Lusekelo alisema. "Na kesho nakuja kuhesabu mbavu."