Akifika, Msimfokee

Siku walipokutana, mvua ilikuwa imewasukuma ndani ya jengo la mafundi hata watu wasio na kitu kibovu. Korido ilijaa miavuli inayochuruzika, wateja walionuna na simu zinazolia bila wa kuzipokea. Mwanamke mmoja aliingia na gauni la kijani lililolowa pindo, kompyuta ameikumbatia kifuani kwa mikono miwili, akasimama mbele ya meza ya kwanza aliyoiona haina foleni. Nyuma ya meza hiyo alikaa fundi mrefu, mwembamba, mwenye bisibisi tatu mfukoni mwa shati na miwani iliyofungwa kwa waya mwekundu.

"Inaumwa nini?" fundi akauliza bila kuangalia juu.

"Haiumwi. Ninayeumwa ni mimi."

Hapo akainua macho. Na alipoyainua, maskini, hakuyashusha upesi.

Mwanamke akajieleza. Kazi yake ilikuwa kufasiri maelezo ya dawa na mashine, na kutwa nzima yuko mbele ya kompyuta. Miezi mitatu nyuma mama yake alifia katika hospitali moja kubwa ya mji mwingine, na tangu hapo jina la hospitali hiyo halimwachi. Akifungua habari, lipo. Akifungua barua pepe, lipo. Akitafuta jina la dawa tu, matangazo yao yanamrukia usoni.

"Sitaki kuliona tena. Unaweza kunisaidia?"

"Naweza. Kuna vitu vinaitwa viongezeo. Kivinjari chako, hicho unachofungulia kurasa na barua, ni kama koti. Kiongezeo ni mfuko unaoushona juu yake, koti likapata kazi mpya. Nikikuwekea kimoja, ukurasa wenye jina hilo hautafunguka. Barua yenye jina hilo hutaiona, na wala hutajua kwamba imekuja."

"Hata nisijue?"

"Ukijua kuna kitu kimefichwa utakitafuta, dada yangu. Nakujua."

"Unanijua tangu lini?"

"Tangu dakika kumi zilizopita. Zimenitosha."

Mfasiri akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Wakati fundi anafunga kazi, yeye akasoma kibao kilichoning'inia juu ya meza: *Tunatengeneza kompyuta zilizokufa.* Akamwambia kilichokufa hakitengenezwi, andika zilizoharibika. Fundi akampa kalamu palepale. Kuanzia siku hiyo hakumwita jina jingine ila Kamusi.

Mapenzi yao hayakuwa na makuu. Walikula mchana pamoja kwenye ngazi za jengo, yeye akiwa na kitambaa chake cha njano kichwani, fundi na mikono yenye vumbi la mashine. Jioni simu haikupoa.

"Kamusi wangu, nimekumiss. Kwa Kiswahili tunasemaje?"

"Tunasema nimekukumbuka. Na wewe hujasema."

"Sasa nitasemaje na wewe umeshanitafunia?"

"Mvivu wee! Kata simu, nina kazi."

"Kata wewe."

"Wewe kwanza."

Wakaendelea hivyo mwaka na nusu, mpaka Spana, fundi mwenzake wa meza ya jirani, akawa anaziba masikio.

Mgogoro uliletwa na safari isiyofanyika. Fundi alikuwa ameahidi kumpeleka Kamusi kwa mama yake mzazi, mjane aliyekaa mji ule mwingine, ili amwone mkwe wake kabla ya mengine. Akaahirisha mara ya kwanza, akasema kazi. Akaahirisha mara ya pili, akasema kazi. Mara ya tatu Kamusi alikuwa ameshafunga begi.

"Una nini kule?" akamuuliza kwenye simu. "Una mke?"

"Kamusi, jamani, mke wa wapi?"

"Basi sema kuna nini!"

Fundi akanyamaza, na kunyamaza kule ndiko kulikoharibu. Kweli ilikuwa kwamba mama yake alikuwa amelazwa, na amelazwa katika hospitali ileile. Angemwambiaje mtu aliyekuja kwake akilia asilione hata jina lake? Alidhani anamhurumia. Ningekuwa karibu ningempiga kibao, maana huruma isiyosema haina tofauti na uongo.

"Usinipigie tena," Kamusi akasema. "Ukipata la maana, liandike. Nitalisoma." Akakata, akamfungia namba. Barua pepe hakuifunga. Aliiacha wazi makusudi, kama mtu anayegomba huku ameurudisha mlango bila kutia komeo.

Akangoja barua. Juma la kwanza alifungua kikasha kila nusu saa. Mwezi wa kwanza ulipoisha alikuwa anafungua asubuhi tu, na moyo ukimdunda vilevile. Haikuja hata salamu. Mwezi wa pili akakonda. Mwezi wa tatu akakivua kitambaa cha njano, akakitupa chini ya kabati. Mwezi wa nne akajiambia ameshapona, na uongo huo akaurudia kila siku kama dozi.

Ndipo ikaja Jumamosi moja. Saa tatu asubuhi alifungua kompyuta amalizie kazi iliyokuwa inadaiwa, akakuta utepe wa njano umekatisha juu ya kivinjari: viongezeo vyako vyote vimezimwa, havikuweza kuthibitishwa. Kile cha kamusi kimezimwa. Cha kukagua maandishi kimezimwa. Bila hivyo yeye ni mshonaji asiye na sindano. Akazima, akawasha, yakawa yaleyale. Akameza kiburi, akapiga simu dukani kwa mafundi.

"Shemeji!" Spana akapokea. "Pole. Si wewe peke yako, tangu alfajiri simu hii hainyamazi. Dunia nzima viongezeo vimelala."

"Vimelala vipi?"

"Kuna cheti cha usalama kinachovidhamini. Wenye kivinjari wamesahau kukihuisha, kimeisha muda wake. Ni kama leseni ya gari, gari zima, dereva mzima, askari anakusimamisha. Vuta subira, mpaka jioni watakuwa wametengeneza."

Kamusi alitaka kukata, ulimi ukamponyoka. "Na mwenzako?"

Spana akashangaa. "Si yuko kule kwao? Nilidhani mnaandikiana, shemeji."

Alikata simu bila kuaga. Akafungua barua pepe amwombe mteja wake muda zaidi. Kikasha chake kilikuwa na barua kumi na tisa ambazo hajawahi kuziona. Hazikuwa za leo. Ya kwanza ilikuwa ya siku tatu tu baada ya ugomvi, ya mwisho ya siku kumi na moja zilizopita. Zote zimetoka kwa fundi, kwa anwani ya kazi asiyoijua.

Akafungua ya kwanza.

*Kamusi wangu, ulisema niandike la maana. Mama anaumwa, na ni ugonjwa usio na mzaha. Jina la mahali alipolazwa sitalitaja, najua linavyokuumiza, ndiyo maana nilikaa kimya. Wamenipa kazi ya muda ya kutengeneza mashine zao, kwa hiyo nashinda jengo moja naye. Tovuti nyingine zote za barua wamezifunga hapa, nakuandikia kwa hii ya kazini. Nimekukumbuka. Umeona, nimesema.*

Chini kabisa, baada ya jina lake, palikuwa na mstari wa herufi ndogo wa aina ile ambayo ofisi hujibandikia zenyewe barua ikishatoka, na kwenye mstari huo lilisimama jina la hospitali. Akalifunika kwa kiganja. Hata hivyo akasoma ya pili, ya tatu, ya nne, kila moja ikisema "hapa" na "jengo hili", jina halitajwi mahali popote isipokuwa kwenye ule mstari ambao mwandishi hakuuona.

*Mama anakuulizia. Nimemwambia uko njiani.*

*Leo dada wa zamu alitaka kukalia kiti cha upande wa dirisha, mama akakataa katakata. Anasema hicho ni cha mkwe wake, kisikaliwe.*

*Kamusi, kama umenichoka mimi, mwonee huruma mgonjwa. Wewe unazijua korido hizi. Njoo siku moja tu.*

*Bado namwambia uko njiani.*

Alisoma kuanzia asubuhi hadi alasiri, mgongo ukimuuma na chai ikipoa pembeni. Baadhi alizirudia mara tatu. Hakuelewa zilikuwa wapi muda wote huo. Saa kumi alifika kwenye ya kumi na tisa, fupi kuliko zote.

*Tumemzika jana. Sitakuandikia tena. Ishi vizuri.*

Akiwa bado ameikodolea macho, kivinjari kikapepesa. Ule utepe wa njano ukaondoka. Viongezeo vikaamka kimoja baada ya kingine, na barua zote kumi na tisa zikapotea mbele ya macho yake.

Kamusi akapiga kelele, jirani akagonga ukuta. Kisha akaelewa. Akafungua orodha ya viongezeo, akashuka mpaka chini, akakikuta pale, kile cha siku ya mvua, kimetulia kikifanya kazi yake kwa uaminifu. Ndani ya kisanduku chake lilikuwa jina moja tu. Fundi mwenyewe ndiye aliyeliandika. Naye akalifuta herufi moja moja, akizitazama. Barua zikarudi.

Akafungua namba aliyoifunga miezi minne. Simu iliita mpaka ikakaribia kukatika.

"Kamusi?" Sauti ilikuwa imechoka, kama ya mtu aliyezeeka.

"Ni mimi. Nimezisoma leo."

"Leo? Kwa nini leo?"

"Zote. Leo asubuhi. Kile ulichoniwekea siku ile ya mvua… Hospitali yako inaweka jina lake chini ya kila barua, mpenzi. Wewe huoni, mimi ndo nimeona."

Alisikia mashine ikilia mahali fulani nyuma ya fundi, halafu akasikia pumzi ikivutwa vibaya, kama mtu aliyepigwa ngumi.

"Nilikiweka mimi," fundi akasema. "Mimi na mikono yangu. Wateja mia moja nimewawekea vitu kama vile, Kamusi. Nilikisahau siku ileile. Nilikukumbuka wewe."

"Nami niliifunga namba. Ningeiacha, ungenipigia."

"Mama alikuulizia kila siku," fundi akasema. "Kila siku nikamdanganya uko njiani."

"Niko njiani sasa. Kesho nipo hapo."

"Usije hapa. Tukutane stendi. Mahali hapa unapajua mwenyewe."

"Nitakuja hapohapo."

Alikiokota kitambaa cha njano chini ya kabati, akakikung'uta vumbi, akakipiga pasi. Kesho yake saa saba mchana alisimama mbele ya lango la hospitali, na juu yake lile jina limeandikwa kwa herufi ndefu kuliko mtu. Alilisoma mpaka mwisho. Lilimuuma kama alivyojua litamuuma. Akaingia.

Fundi alikuwa amemngoja kwenye ngazi. Amepungua, shati limempwaya, ule waya mwekundu wa miwani umebadilishwa kuwa mweusi. Hawakukumbatiana. Alimtangulia hadi kwenye chumba chake cha kazi, chini ya jengo, mashine za kupimia presha zimepangwa mezani zikingoja zamu. Kando ya meza, karibu na kidirisha kidogo, kilisimama kiti cha chuma chenye mto wa bluu. Juu yake hapakuwa na kitu, ingawa kila mahali pengine mle ndani palijaa.

"Niliwaomba wa wodini wanipe," fundi akasema. "Sijakikalia."

Kamusi akabaki mlangoni. "Kama una hasira nami, zitoe tu. Nitazisikiliza zote."

"Ninazo. Nimezipanga miezi minne, usiku na mchana. Nilijua hata nitaanzia wapi." Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. "Ila siku ya mwisho mama aliniita. Akasema, mvua zimenyesha, barabara mbaya, basi la mkwe wangu limekwama. Akasema, akifika msimfokee."

Akakivuta kile kiti, akakigeuza kimwelekee yeye. Machozi yalikuwa yanamtoka naye hayafuti.

"Karibu uketi," akasema.

Kamusi akaketi.