Swali la Tisa kwenye Fomu ya Baba

Kwa miezi saba Chiriku hakugundua kwamba baba yake havuki daraja. Jambo lenyewe lilikuwa mbele ya macho yake kila asubuhi. Walitoka nyumbani pamoja, yeye na mkoba wa shule, baba na sanduku lake la nyundo, misumari na mkasi wa kukatia vitambaa vya makochi. Walishuka mtaa wa mafundi huku Chiriku akisimulia ndoto za usiku, masomo ya jana na ugomvi wa majirani, maana hakupewa jina hilo la utani bure. Kwenye nguzo ya kwanza ya daraja baba alisimama, akamnyoosha kola, akasema, "Haya, mwanangu, nenda ukasome." Kisha alibaki palepale akimtazama mpaka afike ng'ambo, kwenye lango la shule. Chiriku alidhani baba anawahi kazini.

Ukweli aliujua siku dada yake mkubwa alipopiga simu kutoka chuo cha uuguzi, mwendo wa saa nne kwa basi. Mama aliiweka simu mezani ili wote wasikie.

"Jumamosi ya mwisho wa mwezi nahitimu," dada alisema. "Baba, safari hii usiniambie una makochi ya watu. Jina langu likitajwa, nataka nikuone."

Chiriku alikuwa ameshasimama juu ya kiti. "Tunaondoka lini? Tutalala wapi? Nikae dirishani?"

"Pumua kwanza," mama akamwambia. "Dereva mwenyewe hajui kama kuna safari, wewe umeshachagua kiti."

Baba alicheka huku akibandua gundi iliyomkaukia vidoleni. "Nitakuja, mama," akamwambia bintiye kwenye simu, "nikipewa ruhusa."

Simu ilipokatwa, Chiriku akauliza, "Ruhusa ya nani? Mtu mzima anaombaje ruhusa kama mwanafunzi anayetaka kwenda chooni?"

Mama alitaka kumkanya, lakini baba alimzuia kwa mkono, akamweleza bila kuzungukazunguka. Chiriku alijua kwamba baba aliwahi kufungwa. Alipokuwa mtunza stoo wa kampuni ya ujenzi, alitia saini karatasi iliyosema mifuko mia mbili ya saruji imepokelewa, ilhali alijua haikufika hata mmoja. Asilolijua ni kwamba kifungo hicho hakijaisha.

"Nilihukumiwa miaka minne," baba alisema. "Baada ya miaka miwili na nusu waliniachia kwa tabia njema, nimalizie muda uliobaki nyumbani, kwa masharti. Hiyo ndiyo parole. Sharti moja ni kutotoka nje ya wilaya bila ruhusa ya afisa. Na wilaya yetu inaishia mtoni."

Chiriku aliiona akilini ile nguzo ya daraja, na baba amesimama kando yake.

Kesho yake baba alileta fomu ya kuomba ruhusa. Miwani yake ilikuwa imepasuka kioo kimoja, na maandishi ya fomu yalikuwa madogo kama mchanga. "Mwandiko wako ni mzuri kuliko wangu," alisema. "Andika kama ninavyokutajia."

Chiriku alikaa kwenye kochi lisilo na godoro, katikati ya karakana, akaandika kwa furaha. Atakwenda wapi? Atapokewa na nani? Atapanda basi lipi? Atakaa siku ngapi? Siku tatu. Kila jibu lilimwonyesha kipande kingine cha safari: uwanja wa chuo, keki ya mahafali, dada amevaa joho.

Akafika swali la tisa. "Je, tangu uachiwe, umewahi kutoka nje ya mipaka bila ruhusa?"

Baba aliweka nyundo chini. "Andika ndiyo. Ile Jumapili ya pumu yako. Eleza yote."

Chiriku aliikumbuka vizuri. Kifua kilikuwa kimembana, zahanati ya upande wao imefungwa, na baba alimbeba mgongoni mbio hadi hospitali ya ng'ambo. Kwenye nguzo ya kwanza alisita, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, kisha akaendelea kukimbia. Sasa Chiriku alielewa kwa nini alisita.

"Lakini baba, nani alikuona?"

"Wewe uliniona. Andika."

Wakati huohuo mteja aliita nje, akilalamika kwamba kochi lake linanesa kama kitanda cha kamba. Baba akatoka kumsikiliza. Chiriku alibaki na kalamu hewani. Dada alikuwa akisubiri. Na kosa lenyewe lilikuwa la kumwokoa yeye. Akaandika "Hapana", kwa mwandiko wake mzuri kuliko wote. Baba aliporudi, alitia saini palipoonyeshwa na kidole cha bintiye.

Siku zilizofuata Chiriku alifunga mkoba wa safari mara tatu na kuufungua mara tatu, maana nguo za kuvaa kila siku zilikuwa humohumo. Viatu alivipiga rangi hadi mama akauliza kama anataka kujitazamia humo badala ya kioo. Hata hivyo, kila alipopita karibu na fomu iliyolala juu ya kabati, aliharakisha hatua na kutazama pembeni.

Alhamisi alasiri, baada ya masomo, alifuatana na baba hadi ofisi ya afisa wa parole. Ilikuwa chumba chembamba, chenye feni iliyolia kwikwi na mafaili yaliyofungwa kwa kamba. Afisa alikuwa mama mfupi, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Asipokuwapo, watu walimwita Mama Muhuri.

"Shikamoo," Chiriku alisema.

"Marahaba. Wewe ndiye abiria?" Afisa alitabasamu, akaanza kusoma. Kalamu yake ilishuka jibu kwa jibu. "Mwaliko wa chuo upo. Basi lipo. Namba tisa, hapana. Vizuri sana, fundi. Wenye faili safi kama hili nawahesabu kwa vidole."

Akauchukua muhuri.

Baba aligeuza shingo polepole, akamtazama Chiriku. Hakukunja uso. Alionekana tu kama mtu aliyeamshwa mahali asipopajua. Chiriku alitazama saini ya baba chini ya karatasi, akaikumbuka ile karatasi ya saruji. Hiyo pia ilikuwa na saini hiihii.

Baba alifungua kinywa, lakini Chiriku alimtangulia.

"Mama afisa, hiyo 'hapana' si ya baba, ni yangu. Yeye alisema niandike ndiyo." Akasimulia yote, pumu, zahanati na daraja, machozi yakimdondokea kwenye viatu vilivyong'aa.

Afisa aliuweka muhuri chini.

"Fundi, masharti yanaruhusu kumkimbiza mgonjwa. Ungenipigia simu kesho yake, ningeandika mstari mmoja na yangekwisha."

"Niliogopa," baba alisema. "Nilitaka kuyamaliza kwenye fomu hii."

"Na kama ningeyagundua mwenyewe baada ya kupiga muhuri?"

"Ungenirudisha gerezani."

"Mimi, au bodi ya parole." Afisa alivuta fomu mpya. "Onyo litaingia kwenye faili. Siku tatu siwezi kukupa tena. Nakupa moja. Utoke na basi la alfajiri, urudi na la alasiri, na Jumatatu asubuhi nikuone hapa. Binti, kalamu hii. Safari hii, msomee baba yako kila mstari kabla hajatia saini."

Jumamosi, basi lilipokanyaga daraja, Chiriku aliye dirishani alimshika baba mkono. Ile nguzo ya kwanza ilipita kando yao, ikabaki nyuma. Saa tano uwanjani jina la dada likatajwa, naye akanyoosha shingo kutafuta katika umati mpaka akamwona baba, amesimama, ameinua mikono yote miwili. Keki hawakuila. Ilipokatwa, wao walikuwa kituoni wakisubiri basi la kurudi, na hilo lilimuuma Chiriku.

"Ningeharibu kila kitu, baba," alisema ndani ya basi.

"Aliyeniletea ile karatasi ya saruji aliniambia ni neno moja tu," baba alijibu. "Uongo ukishatiwa saini, mwanangu, unabeba jina la mtu, na jina hilo ndilo linalofungwa. Leo tumekosa keki. Lakini nimemwona dada yako, na narudi nyumbani bila kuogopa kugongewa mlango. Hiyo ni kazi ya mdomo wako uliposema kweli."

Tangu siku hiyo, Chiriku hakumpa mtu karatasi ya kutia saini kabla ya kumsomea mwanzo hadi mwisho. Na miezi kumi na mmoja baadaye, kifungo kilipoisha, baba alivuka daraja asubuhi, akamsindikiza hadi langoni mwa shule.