Pete Iliyonolewa

Injini ya boti ya Mzee Gharib iliibwa ufukweni Kibirizi Jumapili. Jumatatu, bahasha ikakutwa mlangoni pa kituo cha polisi. Ndani, picha: mwanamume kabeba injini begani, uso waziwazi. Uso wa Hamdani, mchumba wa Shadia, binti wa Mzee Gharib huyohuyo. Na harusi ni Ijumaa!

Hamdani akasukumwa mahabusu. Mzee Gharib akaapa: "Mwizi wangu hawi mkwe wangu."

Inspekta Frida akaisogeza picha karibu, akaisogeza mbali, kama mtu anayechagua kitenge.

"Shikamoo, Mzee. Hamdani huvaa dhahabu?"

"Marahaba. Mwanamume Mwislamu, dhahabu? Huyo hata saa hana."

Uso ulikuwa umenolewa kwa kompyuta, ndevu unazihesabu. Shati na injini, ukungu mtupu. Lakini kidoleni pete ya dhahabu iling'aa mpaka mkwaruzo wake ukaonekana. Kamera haibagui hivyo. Mkono wa mtu ndio hubagua. Na Ujiji mpiga picha mmoja tu ndiye huanza kunoa dhahabu, maana mama wa bibi harusi hukagua mikufu kwanza, binti baadaye.

Mpiga picha huyo, Selestini, alimpokea Frida studio kwa mikono miwili. Kidoleni, pete.

"Picha hii umeinoa wewe?"

"Siijui, afande."

"Na pete?"

"Pete ziko nyingi."

"Zenye mkwaruzo huu? Lete kidole."

Selestini akatia mkono mfukoni. Frida akacheka. "Kidole kimeshakiri. Tunasubiri mdomo."

Konstebo Elikana, aliyefuatana na Frida, akavuta pazia la kupigia picha, lile lenye maporomoko ya maji. Nyuma yake, injini.

Selestini akaketi kwenye kiti cha maharusi, kaloa jasho.

"Niliiba mimi. Nikatega kamera ijipige yenyewe, nikabandika uso wa Hamdani, nikaunoa. Pete... mkono umezoea tu, afande."

"Amekukosea nini?"

"Picha za uchumba za Shadia. Siku tatu nilinoa macho yake. Nikaona ananitazama mimi."

"Alikuwa anatazama kamera, baba."

Jumatano Mzee Gharib alikwenda mwenyewe kumchukua Hamdani, akikohoa kikohozi cha aibu.

"Injini imepatikana, baba?" Hamdani akauliza.

"Achana na injini! Umekonda hivi, Ijumaa watu watasema nimemwoza binti yangu kwa mwiko wa ugali. Twende ukale."